Klachi na breki kwenye lori la manyuali, miguu inagoma kuelewana

Mguu Mzito
Wakuu habari zenu. Niko kwenye mafunzo ya lori, gia za mkono na breki za upepo, sio semi, ni lile la kawaida lenye bodi yake. Gari ndogo ya manyuali naendesha vizuri tu bila hata kufikiria miguu iko wapi, ndo maana nilijua huku ni ukubwa tu umeongezeka, kumbe ni kazi nyingine kabisa.

Kinachonisumbua ni hivi. Kuondoka, nikiachia klachi polepole kabina yote inatetemeka, nikikanyaga mafuta kidogo linaruka, nikiyaacha naogopa litazima. Kusimama ndo balaa zaidi, pedali ya breki haina ule uzito wa kuusikia mguuni, nakanyaga naona kama haishiki afu ghafla inashika yote, wote kabinani tunaenda na kioo. Na kwenye mlima foleni ikiwa inasogea kidogo kidogo mi nalishikilia kwa klachi hivo hivo nilivyozoea kwenye gari ndogo, baada ya muda nasikia harufu ya kuungua.

Afu kuna hili la klachi na breki ipi inaanza. Mmoja ananiambia klachi kwanza lisizime, mwingine anasema ukigusa klachi mapema utakuja kuua watu. Nimsikilize nani?

Fupi Tu
Kanyaga zote mbili kwa pamoja mkuu, halizimi ng'o. Mengine utayazoea barabarani.

Gia Nzito
@Fupi Tu hiyo ni ya dharura, sio ya kila siku. Akiizoea hiyo halafu akapewa mzigo na mteremko tutasikia mengine.

Mguu Mzito twende moja moja, mi naanza na kuondoka tu, ya breki wapo wanaoyajua kunizidi humu.

Toa kwanza mguu kwenye mafuta. Kabisa. Injini ya dizeli ya lori ina nguvu ya kutosha hata ikiwa silensa, yaani inanguruma tu bila kukanyaga mafuta, mshale wa mzunguko uko kwenye 500 mpaka 700 hivi, na gia ya kwanza imewekwa nzito makusudi, kwa hiyo kwenye tambarare linaondoka lenyewe bila kuongeza chochote. Malori mengi ya siku hizi kompyuta yake ikiona mzunguko unataka kushuka inaongeza mafuta yenyewe. Kule kuruka ni kwa sababu unaongeza mafuta wakati klachi haijashika, diski ya klachi inakutana na flaiwili (gurudumu zito la injini) inayozunguka kasi, lazima lishtuke. Na kutetemeka mara nyingi ni gia uliyochagua, watu wanaotoka kwenye gari ndogo wanapenda kuondokea gia ya juu kuliko inayotakiwa. Likiwa na mzigo anza na ya chini kabisa. Likiwa tupu kwenye tambarare unaweza kuanza na mbili, giaboksi nyingine hata tatu, ila ukiona unasitasita shuka moja, hakuna anayekucheka.

Mazoezi yake sasa. Tafuta uwanja mpana, tambarare, lori tupu, upepo umejaa. Rekebisha kiti kabla ya yote, watu wanapuuza hii kweli kweli, ukikanyaga klachi mpaka mwisho goti libaki limekunjika kidogo, kama inabidi unyooshe mguu wote au unyanyue kiuno huwezi kuiachia kwa kipimo hata ufundishwe na nani. Kiatu soli nyembamba, ndala hapana. Weka gia, anza kuachia. Sehemu ile ya mwanzo haina kazi, iachie haraka tu, usipoteze muda hapo. Ukikaribia pale inapokamata utaona mshale wa mzunguko unashuka kidogo na mlio wa injini unakuwa mnene, na pua ya lori kama inataka kunyanyuka. Mguu usimame hapo hapo. Usiongeze wala usipunguze. Litaanza kutambaa, liache litambae, likishakuwa linatembea kweli achia iliyobaki halafu mguu uutoe juu ya pedali kabisa uuweke pembeni. Simamisha, rudia, simamisha, rudia, na mafuta usiyaguse zoezi zima. Mguu wa kushoto ukishajua mahali inapokamata bila wewe kuangalia mshale ndo uanze kuleta mafuta, na yanakuja klachi ikishaachiwa yote, sio katikati.

Na likizima, limezima. Vuta hendibreki, washa, endelea. Hofu ya kuzima ndo inayowafanya watu wakae na mguu kwenye klachi mchana kutwa.

Fundi Diski
Naongezea kwa upande wa gereji, hasa hiyo harufu.

Klachi ni diski moja (nyingine zina mbili) iliyobanwa na preshapleti (sahani yenye springi) kwenye flaiwili. Ukiwa umeachia yote zinazunguka pamoja, hakuna msuguano. Ukiwa umekanyaga yote zimeachana, hakuna msuguano. Katikati ndo zinasuguana, na kwenye msuguano ndo joto linapotoka. Kwa hiyo ule muda wa katikati unatakiwa uwe mfupi, sekunde chache za kuondoka basi. Kulishikilia lori mlimani kwa klachi maana yake umeigeuza diski kuwa breki, na haikutengenezwa kwa kazi hiyo, tani zote zile zinaning'inia kwenye kitambaa cha diski. Gari ndogo inavumilia kwa sababu ni nyepesi. Hapo ulipofika harufu diski imeshaanza kung'aa uso, ikishang'aa inateleza, ikiteleza inapata joto zaidi, na joto likizidi hata flaiwili inapasuka nyufa nyufa.

Mlimani fanya hivi. Ukisimama, hendibreki juu, gia fri (hakuna gia iliyoingia), mguu wa kushoto upumzike. Wakati wa kuondoka weka gia ya kwanza, leta klachi mpaka inapokamata, usikie injini imekuwa nzito, kama lina mzigo ongeza mafuta kidogo tu, ndo uachie hendibreki. Sasa hapa kuna kitu cha breki za upepo ambacho gari ndogo haina: hendibreki ya lori ni springi, upepo ndo unaibana springi ili tairi zizunguke, kwa hiyo ukishusha kile kiwiko inachukua muda kidogo upepo kuingia kwenye chemba (kile kikopo cha breki pale kwenye tairi). Usishtuke ukaongeza mafuta ukidhani imegoma. Subiri kidogo, utasikia limejiachia, malizia klachi.

Na kwenye foleni usifukuzie kila mita moja. Acha nafasi mbele yako ifunguke, ondoka na gia ya kwanza, achia klachi yote, litambae lenyewe. Wenye gari ndogo watakuchomekea, waache.

Kitu kingine usilaze mguu juu ya pedali ukiwa unatembea. Unadhani hujakanyaga lakini uzito wa mguu peke yake unaigusa rilizi beringi (beringi inayosukuma klachi iachane), inazunguka bila sababu mpaka inaanza kulia. Nikiona lori limeletwa na rilizi imekufa mapema huwa naangalia kwanza pedali, mpira umelika kuliko umri wa gari.

Dada wa Tela
Kwenye breki nakuja mimi, maana hapo ndo wengi wanafundishana uongo.

Kwanza elewa pedali yenyewe ni kitu gani. Kwenye gari ndogo unasukuma mafuta ya breki, ukikanyaga unausikia ukinzani mguuni. Kwenye lori pedali ni valvu tu. Haikuambii kitu. Ukiishusha kidogo inaruhusu upepo kidogo kwenda kwenye chemba, ukiishusha sana unaenda mwingi. Kwa hiyo usipime kwa nguvu unayoweka, pima kwa umbali pedali inavyoshuka. Halafu upepo unachelewa, tangu ukanyage mpaka lainingi (vitambaa vya breki) zishike drami (lile duara la chuma linalozunguka na tairi) inapita karibu nusu sekunde. Inaonekana ndogo ila ukiwa mwendo wa 80 kwa saa nusu sekunde ni mita 11 umeshakwenda na lori halijaanza hata kupungua. Shida yako ndo hii: unakanyaga kidogo, haujafika, unaona haishiki, unaongeza, sasa zile zote mbili zinafika kwa pamoja. Dawa yake kanyaga kidogo, SUBIRI, sikiliza limepungua kiasi gani, ndo uongeze. Anza mapema ili uwe na muda wa kusubiri.

Na wewe unajifunzia lori tupu, hilo nalo linachangia. Breki za lori zimepimwa kwa mzigo, likiwa tupu zinakuwa kali na tairi za nyuma zinafunga upesi, usidhani ni mguu wako peke yake.

Kusimama bila kutupa watu: weka alama chini, jiwe, kopo, chochote, ujifunze kusimamisha bampa pale. Kazi kubwa ya breki ifanyike mwanzoni, kwa ile ile kanyaga, subiri, ongeza, halafu unavyokaribia unakuwa unaachia kidogo kidogo, ile mita ya mwisho pedali iwe imebaki kidogo sana. Kumbuka na kuachia nako kunachelewa, kwa hiyo anza kuachia kabla kidogo ya pale unapofikiri. Watu wengi wanafanya kinyume, wanagusa mwanzoni wanakandamiza mwishoni.

Usipampu. Kukanda kanda breki kama unga, kila ukiachia ule upepo uliokuwa kwenye chemba unatoka nje, ule mlio wa "pshii" ndo upepo unaopotea, kompresa (pampu ya upepo) inashindwa kurudisha kwa kasi hiyo. Geji ya upepo ikishuka sana kengele inalia, malori mengi ni kati ya bar (kipimo cha presha) 4 na 5 na nusu, ukipuuza ikaendelea kushuka zile springi zinafunga zenyewe popote ulipo. Ndo maana asubuhi huondoki mpaka geji ipande, nyingi zinajaa kwenye bar 8 mpaka 10.

Klachi na breki ipi inaanza: BREKI. Ukiwa kwenye gia na umeachia mafuta injini yenyewe inalivuta lori nyuma, ukikanyaga klachi umekata huo msaada na lori linakuwa linateleza huru, breki zinabeba kila kitu peke yake. Kwa hiyo breki, breki, mshale wa mzunguko unashuka, ukikaribia silensa, 800 hivi, ndo unakanyaga klachi. Hapo kwa kawaida zimebaki mita chache.

Injini Baridi
@Dada wa Tela sasa dada je ghafla? Mtu karuka mbele yako huna muda wa kuangalia mshale.

Dada wa Tela
@Injini Baridi dharura kanyaga breki, klachi ikifuata sawa, isipofuata sawa. Mguu wa kulia ndo wenye kazi. Likizima limezima likiwa limesimama, hiyo ni hasara gani? Usukani utakuwa mzito na kompresa haijazi tena ila upepo ulioko kwenye matenki unabaki, breki unazo bado. Ninachokataa ni ile ya kukanyaga klachi umbali mrefu kabla ya kusimama kila siku.

Mguu Mzito
Asanteni sana aisee, hii ya kusubiri upepo ufike hakuna aliyewahi kuniambia, nimekaa naambiwa "kanyaga taratibu" tu bila sababu.

Swali lingine. Lori ninalofundishiwa sasa hivi gia zinaingia vizuri tu, ila lipo lingine pale la zamani kidogo, wenzangu wakiingiza gia linasaga mpaka unaumia meno. Mwalimu anawaambia klachi msikanyage mpaka mwisho. Mi nilijua klachi siku zote ni mpaka mwisho?

Gia Nzito
Hayo ni magiaboksi mawili tofauti. La kwako lina sinkro, ndani kuna vitu vinavyosawazisha mizunguko kabla gia hazijaumana, kwa hiyo klachi mpaka chini na unaingiza. Lile lingine halina sinkro, kusawazisha ni kazi yako. Na mengi ya aina hiyo yana kitu kinaitwa klachi breki, kipo mwisho kabisa wa pedali, ukikanyaga mpaka sakafuni kinaibana ile shafti inayoingia kwenye giaboksi isimame. Ni kwa ajili ya lori likiwa limesimama tu, unaingiza ya kwanza au rivasi bila kusaga. Ukikanyaga mpaka huko ukiwa unatembea unaibana shafti inayotakiwa kuzunguka, gia haiingii na klachi breki inaliwa. Mwalimu wao yuko sahihi.

Kupandisha gia kwenye hilo ni dabo klachi. Kanyaga klachi kidogo tu, toa gia iende fri, achia klachi, subiri mzunguko ushuke, kanyaga tena kidogo, ingiza. Kushusha ni hivo hivo ila ukiwa fri klachi umeachia unapiga mafuta kidogo mzunguko upande, maana gia ya chini inataka mzunguko mkubwa kwa mwendo ule ule. Ukikosa ule wakati usiisukume kwa nguvu. Rudi fri, sawazisha tena. Hata kama unajifunzia la sinkro mi ningekushauri uombe siku moja hilo la zamani, mguu wako utanyooka.

Fupi Tu
Kuna madereva wanabadili bila klachi kabisa, wanasikiliza tu injini.

Fundi Diski
@Fupi Tu wapo, na wapo wanaoniletea meno ya gia kwenye kopo. Mwanafunzi usimpe hiyo leo.

Mguu Mzito kabla hujajilaumu mguu kila kitu, kagua na lori lenyewe. Klachi ikikamata juu kabisa, mguu umekaribia kutoka kwenye pedali ndo inashika, diski imeisha au inataka kurekebishwa. Ikikamata chini kabisa karibu na sakafu na gia zinaingia kwa shida, klachi haiachani vizuri, angalia mafuta ya klachi yamepungua au yana hewa ndani. Pedali imekuwa nzito ghafla mpaka goti linauma, shuku klachi busta, ile inayotumia upepo kuusaidia mguu kusukuma klachi. Na kujua kama inateleza, ukiwa kwenye gia ya juu kanyaga mafuta, mshale wa mzunguko ukipanda lakini mwendo haupandi, diski hiyo. Lori la mafunzo linapita miguu mingi kwa siku, usishangae likiwa na yote hayo.

Injini Baridi
Nidakie swali kwenye uzi wa mwenzangu. Mteremko mrefu na mzigo mnafanyaje? Mi nimeambiwa gia ileile uliyopandia ndo ya kuteremkia.

Dada wa Tela
Ni pa kuanzia sio sheria, injini za sasa zina nguvu unaweza kupanda mlima na gia ya juu ambayo ukishukia haitakuzuia. Mi nashuka na ya chini zaidi ya niliyopandia. Kikubwa gia ichaguliwe juu kabla hujaanza kushuka, lori likishashika kasi kushusha gia inakuwa bahati nasibu. Na ukitoa ikaenda fri kwenye mteremko halafu ikagoma kurudi, umebaki na breki za magurudumu peke yake dhidi ya mzigo wote. Wanaoteremka fri ili kubana mafuta siwaelewi, tena injini za dizeli za kisasa ukiwa kwenye gia na umetoa mguu kwenye mafuta haichomi kitu, kwa hiyo hata hicho wanachodhani wanakibana hakipo.

Gia ikishakaa washa eksosti breki (inaziba moshi wa injini ili injini ilivute lori nyuma), au ritada (kifaa kingine cha kupunguza mwendo bila breki za magurudumu) kama lipo nayo, na uiache injini iende mzunguko wa juu kidogo maana eksosti breki kwenye mzunguko wa chini haivuti. Usizidishe tu mpaka mshale uingie kwenye nyekundu. Na ukigusa klachi eksosti breki imekata hapo hapo, kwa hiyo mguu wa kushoto ukae mbali.

Breki ya mguu ni ya kusaidia. Chagua kasi yako salama, ikifika hapo kanyaga kwa uhakika mpaka ishuke kama kilomita 8 chini yake, sekunde tatu hivi, halafu achia YOTE, ipande tena ikifika rudia. Hivo ndo hata mtihani wa leseni za malori Marekani unavyofundisha. Usiziburuze breki mfululizo kutoka juu mpaka chini, drami inapata joto inapanuka inakimbia lainingi, utakanyaga mpaka sakafu na hakuna kitu. Kasi ikizidi mara mbili kazi ya kulisimamisha inazidi mara nne, kwa hiyo wepesi wa kwanza ni kuanza polepole.

Injini Baridi
Nimekupata. Na nikifika chini breki zinatoa moshi, nivute hendibreki nipumzike?

Dada wa Tela
Hapana, hendibreki inabana drami hizo hizo zenye joto, zikipoa zinasinyaa zinaweza kuharibika au kung'ang'ania. Tafuta tambarare, weka kigingi kwenye tairi, liache gia imeingia na injini umezima, zipoe zenyewe ndo uvute. Maji usimwagie.